Mtihani wa Mlangoni

Njooni mkae, maana hadithi hii haimfai mtu aliyesimama. Inahusu nchi ya Utambuzi, ambako watu hawaulizani kitu, na iko upande gani wa dunia msinisumbue. Hata Nasikiwa, aliyekwenda na kurudi, hakuwa na neno la kusema juu ya njia. Alichorudi nacho ni habari ya mlango mmoja, na mlango huo ndio wetu leo.

Nasikiwa alikuwa mkufunzi wa wauguzi katika chuo cha kwao, mwanamke wa makamo, mpole wa sauti na mkali wa macho. Kilichomtoa kwao ni aibu. Wanafunzi wake walimcheka bibi mmoja katika wodi ya wazazi, alipoomba apewe kondo la uzazi la mjukuu wake akalizike nyuma ya nyumba kama walivyofanya waliomtangulia. Bibi hakugombana na mtu. Alimchukua binti yake na kichanga, wakaondoka, na kijiji kizima kikaacha kuleta wajawazito hospitalini. Mwaka ule walikufa wanawake majumbani ambao hawakuwa na sababu ya kufa. Nasikiwa aliumia sana, kwa kuwa waliocheka aliwafundisha mwenyewe. Aliwafundisha kusafisha kidonda na kupima mapigo ya moyo, lakini jinsi ya kukaa na mtu ambaye si wa kwao hakuwafundisha. Aliposikia kwamba iko nchi ambako hakuna tabibu anayemuudhi mgonjwa wa kabila lolote, akafunga safari.

Alipokewa na Bwana Sheshe, Msimamizi Mkuu wa Mila katika Chuo cha Tiba cha Utambuzi, mzee nadhifu mwenye macho ya huruma. Naye hakujifanya, huruma ile ilikuwa ya kweli, na nawaombeni mlikumbuke hilo hadi mwisho. Katika nchi ile kila mtu hufunga kiunoni mshipi wa rangi ya kwao: mweupe wa Milimani, wa samawati wa Ziwani, wa rangi ya udongo wa Bondeni. Bwana Sheshe alimtazama mgeni kiunoni, asione kitu. Akabaki amenyoosha mkono nusu, hajui aupeleke mbele au aurudishe. Mwisho akamwazima mshipi mweupe, kwa kuwa Nasikiwa ni mrefu na watu wa Milimani ni warefu.

Tangu hapo Nasikiwa akawa anapewa uji uliopoa usio na chumvi wala sukari, maana watu wa Milimani ndivyo wanavyokunywa. Ulimshinda. Lakini alikuwa mgeni, na alikwenda kujifunza heshima, basi akawa anaumeza huku akitabasamu.

Sheria yao ilikuwa na chanzo chake. Zamani matabibu wa Utambuzi walikuwa na kiburi cha kupindukia. Waliwavua wanawake mbele za watu, wakawafokea wazee, wakazicheka dawa za kienyeji walizokutwa nazo wagonjwa. Siku moja wananchi wakachoka, wakaitia moto nyumba ya wagonjwa. Baraza la nchi likashtuka. Likaita mzee mmoja kutoka kila kabila, likamuuliza watu wake wanataka nini wakiugua, wakizaa na wakifa. Kila alilosema likachongwa kwenye jiwe, na mawe yakasimamishwa katika Ukumbi wa Mila. Baada ya hapo Baraza likatoa amri kwamba maswali yamekwisha. Kumuuliza mgonjwa anataka nini ni kumwambia usoni kwamba hukujisumbua kumjua. Kosa hilo waliliita kumvua mtu nguo, na aliyelifanya alisukutua kwa maji ya chumvi langoni, watu wakimtazama.

Mwanzoni Nasikiwa aliipenda. Aliingia Ukumbi wa Mila asubuhi, akawakuta wanafunzi wamepanga safu mbele ya mawe, wanayaghani kwa sauti moja kama madrasa. Vijana wale wa Ziwani na Milimani waliimba desturi za watu wasio wao kwa adabu kubwa, na Nasikiwa akamkumbuka yule bibi na kondo lake, machozi yakamtoka. Alisema moyoni kwamba hiki ndicho atakachokwenda nacho nyumbani.

Jiwe la Bondeni lilikuwa fupi kuliko yote. Lilisema: watu wa Bondeni hawamtazami anayekufa. Humpa mgongo, wakakaa mbali naye mpaka roho itoke.

Ili kuwapima wanafunzi, chuo kiliajiri waigizaji wa kucheza wagonjwa na jamaa zao. Aliyesifika kuliko wote ni Dengelo, mtu wa Bondeni, kipande cha mtu chenye kicheko cha haraka. Alipoomba kazi mara ya kwanza walimrudisha nyumbani, wakisema hafanani na mtu wa Bondeni. Alikaa visivyo, akasalimia visivyo. Ikabidi afundishwe Ubondeni na mwalimu wa Ziwani aliyekuwa ameusoma hasa, na alipoushika vizuri wakampa kazi. Dengelo mwenyewe alipenda kusimulia kisa hicho, na kila alipokisimulia alicheka mpaka akashika mbavu. Nasikiwa naye alicheka. Baadaye alijiuliza walikuwa wanacheka nini.

Mtihani mkubwa kuliko yote uliitwa Mtihani wa Mlangoni. Ajuza mmoja hulala kitandani akiigiza kufa, na mwanafunzi husimama mlangoni. Dengelo huja, huomba aingie amwone mkewe. Huomba kwa upole, kisha kwa hasira, kisha kwa kilio. Mwanafunzi akimhurumia akamfungulia, ameanguka, maana amemsaidia mtu kuvunja mila yake katika saa ya udhaifu. Anayesimama imara na kusema, "Mila yako tunaijua na tunaiheshimu," huyo amefaulu. Hapo Dengelo hunyamaza, akageuka, akatoa mgongo. Mgongo wake ndio alama ya kufaulu, na wanafunzi wenzake huyo aliyefaulu hupiga makofi. Mtihani huo hautangazwi. Waweza kukukuta siku yoyote, hata wodini penye wagonjwa wa kweli, ili tabibu awe tayari daima.

Dengelo aliifanya kazi hiyo kwa moyo wake wote. Ni yeye aliyebuni maneno yaliyowaangusha wanafunzi wengi, pale anapomshika mwanafunzi mkono na kumwambia, "Mwanangu, leo si mtihani." Bwana Sheshe alimpongeza kwa ubunifu huo mbele ya Baraza.

Mara nyingi mchana Nasikiwa na Dengelo walikaa pamoja nyuma ya jiko la chuo wakitafuna mahindi ya kuchoma. Siku moja Dengelo alimweleza habari za mkewe, Silanga, ambaye moyo wake ulikuwa mgonjwa na miguu ilikuwa inavimba. Alisema Silanga ana mdomo mkali, na kwamba nyumba isiyo na wa kukugombeza si nyumba. Siku hiyo Nasikiwa alitamani kumuuliza jambo moja tu: kama ni kweli kwao humpa mgongo anayekufa. Swali lilimfika kooni. Akawaza kwamba yeye ni mgeni, kwamba nchi ya watu ina taratibu zake, na kwamba aliyekuja kujifunza kuheshimu mila hawezi kuanza kwa kuvunja ya wenyeji wake. Akalimeza kama alivyoumeza uji. Looo! Laiti angeuliza siku ile, hadithi hii ningeisimulia kwa uso mwingine.

Basi Silanga akazidiwa. Majirani walimleta chuoni wakati Dengelo yuko ukumbini anawapima wanafunzi, na kabla habari haijamfikia, mke alikuwa ameshalazwa. Matabibu walimtendea kwa heshima zote. Waliuona mshipi wake wa rangi ya udongo, wakakigeuza kitanda kitazame ukutani, asipate kuona uso wa mtu. Dawa za kutuliza walimpa vizuri. Mlangoni wakamweka Tulani, binti wa Milimani, mwanafunzi mwenye bidii kupita wenzake, ambaye Mtihani wa Mlangoni ulikuwa bado haujamkuta. Msichana alikuwa anauota usingizini.

Jua lilikuwa limeanza kuinama Dengelo alipofika anahema. Tulani alipomwona anakuja kwenye ujia, moyo ulimlipuka. Akajua siku yake imefika. Akajiweka sawa, akanyoosha mshipi wake, na wenzake walioona wakasogea taratibu kutazama. Nasikiwa alikuwa miongoni mwao.

Dengelo aliomba aingie. Tulani akamjibu kwa adabu kwamba mila yake wanaijua na wanaiheshimu. Dengelo akaomba tena. Akapandisha sauti, kisha akaishusha, na machozi yakaanza kumtiririka. Wanafunzi wakatazamana kwa kustaajabu, mmoja akanong'ona kwamba leo mzee amejipita mwenyewe. Na hata Nasikiwa, nasema kweli, hata yeye mwenye macho makali, alisimama pale akimhusudu yule msichana kwa uimara wake.

Dengelo akamshika Tulani mkono.

"Mwanangu," alisema, "leo si mtihani."

Tulani alitabasamu kidogo. Alikuwa ameyangojea maneno hayo. Alitikisa kichwa kwa upole, akakaza mguu mbele ya mlango. Na Dengelo akaliona lile tabasamu. Alitafuta neno lingine la kusema asilipate, kwa sababu kila neno la kweli alilokuwa nalo alikwisha kulitumia kazini. Kulia alikwisha kulia. Kupiga magoti alikwisha kupiga.

Hapo ndipo Nasikiwa alipoona kopo. Dengelo alikuwa ameshika mkono wa kushoto kopo dogo la mafuta, lile wanalowekea mafuta ya ufuta, na kifuniko chake kilikuwa kimelegea, mafuta yanamchuruzika vidoleni. Katika mitihani yote Nasikiwa aliyoiona, Dengelo alikuja mikono mitupu. Nasikiwa akawapenya wanafunzi, akasimama mbele ya yule mtu, na swali alilolimeza nyuma ya jiko likatoka lenyewe.

"Kaka Dengelo," alisema, "unataka nini?"

Mwanafunzi mmoja alijifunika uso. Dengelo alimtazama Nasikiwa kama mtu anayeamshwa.

"Nataka kumpaka mafuta miguuni," alisema. "Miguu yake hupata baridi, dada. Kila siku nampaka."

Nasikiwa alimshika mkono, akamsukuma Tulani pembeni kwa bega, wakaingia. Silanga alikuwa amelala ametazama ukuta. Macho yalikuwa wazi na ukuta ulikuwa mweupe, hauna kitu. Dengelo hakumwangalia usoni kwanza. Alikwenda moja kwa moja kitandani upande wa miguu, akafunua shuka, akashika nyayo za mkewe kwa mikono yenye mafuta, na kwa baridi ile akajua. Aliendelea kupaka. Alipaka kisigino, akapaka katikati ya vidole kama alivyozoea, huku akimwambia Silanga kwa sauti ndogo kwamba alikuwa mlangoni, kwamba alichelewa kidogo tu. Kisha nguvu zikamwisha. Hakutaka watu wamwone uso. Akageuka, akaegemea ukuta, akawapa mgongo wote waliokuwa mlangoni.

Tulani alikuwa amewafuata hadi kizingitini. Mgeni amevunja sheria, mtihani umevurugika, msichana hakujua matokeo yake ni yapi. Lakini aliuona ule mgongo.

"Nimefaulu, baba?" aliuliza.

Na huko nyuma kwenye ujia, mwanafunzi aliyekuwa mbali, asiyeona vizuri, akaanza kupiga makofi. Wengine wakamfuata.

Kesho yake Baraza liliketi. Nasikiwa alishtakiwa kwa kumvua mtu nguo mbele ya mashahidi, akakiri, akapelekwa langoni akasukutua maji ya chumvi. Aliyapokea bila ubishi, na baadaye alisema chumvi ile ilikuwa ya kwanza kuionja tangu afike. Kisha wakamwita Dengelo, kwa kuwa lilikuwa limezuka jambo zito: mtu wa Bondeni amefanya kinyume na jiwe. Mjumbe mmoja alisimama akatoa hoja kwamba jiwe haliwezi kukosea, basi aliyekosea ni Dengelo, pengine kazi ya uigizaji imemharibia asili yake. Mwingine akapendekeza apimwe kama kweli ni wa Bondeni. Walibishana sana, na kwa ufasaha, na mtu mwenyewe amekaa mbele yao na mafuta hajayanawa vizuri kwenye kucha.

Aliporuhusiwa kusema, Dengelo aliwaeleza habari ya yule mzee wa Bondeni aliyeitwa zamani. Kwao kila mtu anaijua. Mzee yule aliitwa Barazani akiwa ametoka kumzika mwanawe, na siku ya kifo alishindwa kumtazama, akakaa nje amegeukia mbali. Alipoulizwa watu wa Bondeni hufanyaje, alisema alichofanya yeye. Majonzi ya mtu mmoja yakachongwa, yakawa sheria ya watu wote.

Wajumbe wa Baraza walilia. Hawakuwa watu wabaya, nimewaambia. Bwana Sheshe alifuta macho, akasimama, akatoa amri kwamba jiwe la Bondeni liangushwe leo hii, na lichongwe jipya linalosema: watu wa Bondeni humpaka anayekufa mafuta ya ufuta miguuni.

Dengelo alishtuka. Aliwaambia hapana, hiyo ni yake na Silanga tu. Mdogo wake hawezi kuona mtu akikata roho, huzimia. Mama yake hutaka kuimba. Jirani yake ni mtu wa sala. Akawasihi wasichonge kitu, wawe wanauliza tu, kila mtu na siku yake.

Bwana Sheshe alishuka kitini, akamwekea mkono begani kwa upendo mwingi.

"Usihangaike, ndugu yetu," alisema. "Tumeshakuuliza wewe."

Jiwe likachongwa. Wanafunzi wakaanza kulighani, na sauti zao zilikuwa nzuri kama kawaida.

Tulani peke yake hakuimba. Alimfuata Nasikiwa chumbani, amevimba macho, akasema anataka kwenda kumwomba Dengelo radhi, ila hajui watu wa Bondeni huombwa radhi namna gani, na amezunguka mawe yote hakuna linalosema. Nasikiwa alimwambia aende tu, afike, amuulize. Msichana aliitikia. Alikwenda hadi uani kwa Dengelo, akasimama penye ua, akamwona ameketi peke yake anatenganisha nguo za marehemu. Swali halikutoka. Lilikuwa halijawahi kufunzwa kutoka. Akarudi na machozi yake.

Siku ya kuondoka, Nasikiwa alikuwa ameshafunga mizigo. Aliyokuja kuyatafuta hakuyapata, na alijua kwamba akifika kwao atakwenda kwanza kwa yule bibi wa kondo kabla hajaingia darasani, ingawa hakujua atamwambia nini. Alipita ukumbini kuaga. Akakuta Mtihani wa Mlangoni unaendelea, umerekebishwa kufuatana na jiwe jipya. Ajuza amelala kitandani, mwanafunzi yuko mlangoni, na Dengelo anakuja kwenye ujia ameshika kopo la mafuta. Mwanafunzi akamwinamia, akamfungulia. Dengelo akaingia, akapiga magoti upande wa miguu, akapaka kisigino, akapaka katikati ya vidole. Wanafunzi wakapiga makofi, na ajuza akalalamika kwamba mafuta ni ya baridi.

Nasikiwa hakuamini macho yake. Alimsubiri atoke, akamvuta pembeni, na kwa kuwa hakuwa na cha kuogopa tena akamuuliza waziwazi: kwa nini amekubali kazi hii, baada ya yote waliyomfanyia?

Dengelo alikuwa anajifuta mikono kwa ncha ya mshipi wake. Kicheko chake cha haraka hakikuwepo tena.

"Huku wananifungulia, dada," alisema.

Kisha akachukua kopo lake, akarudi mwanzo wa ujia, maana mwanafunzi mwingine alikuwa anasubiri.